Ndoa za Mpakani: Kumwombea Mwenzi Ukaazi wa Kudumu

Wilaya zilizo mpakani mwa Tanzania na Kenya zina desturi ya kuoana isiyojali mpaka. Mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliukubaliana mwaka 1886 uliwagawa Wamaasai, Wakurya na Wadigo, lakini haukuzigawa koo zao. Hadi leo binti wa Sirari huolewa Isebania, kijana wa Holili huoa Taveta, na posa huvuka Namanga na Horohoro kama inavyotoka kitongoji kimoja kwenda kingine. Wazee huiona ndoa hiyo kuwa ya jirani na jirani. Sheria huiona kuwa ndoa ya raia na mgeni, na mgeni huyo anahitaji hati ya kuishi katika nyumba ya mwenzi wake.

Somo la toleo hili linaeleza namna raia wa Kenya anavyoweza kumwombea mume au mke Mtanzania ukaazi wa kudumu, tofauti ya ukaazi huo na uraia, na hali ya Mkenya aliyeoa au kuolewa upande wa Tanzania. Linaeleza pia kwa nini safari yote hiyo huanzia katika ofisi zilizo karibu na mwananchi, hata kama maombi yenyewe hupelekwa Nairobi au Dodoma.

Jumuiya haitoi ukaazi wa kudumu

Wananchi wengi huamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kulimaliza jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilileta nafuu kubwa: raia wa nchi wanachama huingia bila viza, na mfanyakazi aliyepata haki ya kuishi katika nchi nyingine anaweza kufuatana na mwenzi na watoto wake. Lakini ibara ya 14 ya itifaki hiyo hiyo inasema kwamba masuala ya ukaazi wa kudumu yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa hiyo anayeishi kwa mwenzi wake ng'ambo ya mpaka hawezi kutegemea Jumuiya peke yake. Anapaswa kuijua sheria ya nchi anakoishi.

Ngazi tatu za sheria ya Kenya

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011, pamoja na Katiba ya mwaka 2010, zimempangia mwenzi wa raia ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni hati ya mtegemezi. Huombwa mwanzoni mwa ndoa, na raia wa Kenya ndiye anayemdhamini mwenzi wake. Hati hii humruhusu mwenzi kuishi nchini humo kihalali kwa muda uliotajwa, na huhuishwa kabla ya muda kwisha. Haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Anayetaka kazi huhitaji kibali cha kazi. Mgeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 hupaswa pia kujiandikisha na kupata kitambulisho cha mgeni.

Ngazi ya pili ni ukaazi wa kudumu. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinawataja wenzi wa raia wa Kenya waliodumu katika ndoa kwa angalau miaka mitatu kuwa miongoni mwa wanaostahili kuuomba. Mwenye ukaazi huu hahitaji kuhuisha hati ya mtegemezi, na anaweza kuishi na kufanya kazi bila kuomba kibali cha kazi. Hata hivyo, hubaki kuwa raia wa nchi yake. Hapigi kura katika uchaguzi wa Kenya, na kwa mujibu wa ibara ya 65 ya Katiba ya nchi hiyo, ardhi huimiliki kwa upangaji usiozidi miaka 99.

Ngazi ya tatu ni uraia. Ibara ya 15 ya Katiba inampa aliyedumu katika ndoa na raia wa Kenya kwa angalau miaka saba haki ya kuandikishwa kuwa raia baada ya kuomba. Sheria imeweka masharti: ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambuliwa, isiwe imefungwa kwa ajili ya kupata manufaa ya uhamiaji, wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba, na mwombaji asiwe mhamiaji aliyepigwa marufuku wala mtu aliyehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Mjane au mgane ambaye angestahili uraia kama mwenzi wake asingefariki, naye amewekewa njia ya kuomba.

Ukaazi au uraia?

Mtanzania anapokaribia mwaka wa saba wa ndoa, mara nyingi hushauriwa aruke ngazi ya pili na kuomba uraia moja kwa moja. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, na ushauri huo huonekana hauna hasara. Hasara iko upande wa Tanzania. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania.

Upotevu huo hugusa mambo ya karibu sana. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa njia maalumu zilizotajwa na sheria, kama vile uwekezaji. Binti aliyepewa shamba na baba yake kijijini, akiapa kuwa raia wa Kenya, hujiweka katika hali ya mgeni mbele ya shamba hilo. Ndoa ikivunjika, au mume akifariki na ndugu zake wakamfukuza, atarudi kijijini kwao akiwa mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Hapa ndipo thamani ya ukaazi wa kudumu inapoonekana. Humpa mwenzi utulivu wa kuishi na kufanya kazi kwa mume au mke wake bila kumdai uraia wa kuzaliwa. Uamuzi wa kuchukua uraia ni haki ya mtu mwenyewe, na wapo ambao unawafaa. Usifanywe kwa pupa tu, wala kwa sababu mtu hakuwahi kuambiwa kwamba ngazi ya pili ipo.

Miaka isiyo na cheti haihesabiki

Miaka mitatu ya ukaazi na miaka saba ya uraia huhesabiwa tangu ndoa ilipofungwa, na kinachoonyesha siku hiyo ni cheti. Wanandoa waliolipa mahari, wakala harusi na kuishi pamoja miaka 12 bila kusajili ndoa yao watajikuta mbele ya ofisa wa uhamiaji hawana hata mwaka mmoja wanaoweza kuuthibitisha.

Upande wa Tanzania Bara, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo husaidia mahakamani, hasa katika kudai matunzo na mali. Haigeuki kuwa cheti cha ndoa, na haipaswi kutegemewa katika maombi ya uhamiaji.

Sheria hiyo hiyo inazitambua ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila. Wanaokusudia kuoana hutoa taarifa angalau siku 21 kabla ya siku ya kufunga ndoa. Ndoa ya kiserikali hufungwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na ile ya kidini hufungwa na kiongozi mwenye leseni, ambaye huijaza katika kitabu cha Serikali na kutoa cheti. Waliooana kimila hupaswa kuomba usajili ndani ya siku 30. Kumbukumbu zote hizo hufika kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Ikiwa sherehe za kimila zilifanyika Kenya, Sheria ya Ndoa ya nchi hiyo ya mwaka 2014 inawataka wanandoa kumwarifu Msajili ndani ya miezi mitatu.

Mambo yanayoharibu maombi

La kwanza ni njia za panya. Anayevuka kwa vichochoro kwa sababu soko liko karibu haoni kosa lake siku hiyo. Miaka mitatu baadaye, pasipoti yake haina muhuri hata mmoja unaoonyesha kwamba aliingia kihalali. Akikamatwa na kufukuzwa nchini, anaweza kujikuta katika kundi la wahamiaji waliopigwa marufuku, na mlango wa ukaazi na uraia ukafungwa.

La pili ni ndoa juu ya ndoa. Mtu aliyefunga ndoa ya mke mmoja, iwe ya Kikristo au ya kiserikali, hawezi kuoa mwingine huku ndoa hiyo ikiendelea, Tanzania wala Kenya. Mke wa pili anayepatikana kwa njia hiyo hana ndoa, na asiye na ndoa hana udhamini wa ukaazi. Familia ya binti ina haki ya kuomba hati ya kuthibitisha kwamba mchumba kutoka ng'ambo hana kizuizi cha kuoa. Kuiomba kabla ya kupokea mahari si utovu wa adabu.

La tatu ni ndoa ya karatasi, yaani ndoa ya kulipana fedha ili mtu apate hati. Ni kosa, na huwaharibia hata wanandoa wa kweli, kwa kuwa maofisa huzidi kuwa wakali kwa kila mwombaji.

Mkenya aliyeoa au kuolewa Tanzania

Sheria ya Tanzania ina sura tofauti. Mwenzi mgeni huanza kwa kuombewa kibali cha kuishi akiwa mtegemezi kupitia Idara ya Uhamiaji. Kwa upande wa uraia, kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mume wake akiwa hai. Maneno hayo ya mwisho yana uzito: mke anayeahirisha hadi mume anafariki huwa ameipoteza njia hiyo.

Mume mgeni hakupewa haki hiyo. Yeye hufuata njia ya jumla, inayodai awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua saba. Hudaiwa pia kujua Kiswahili au Kiingereza na kuwa na mwenendo mwema. Na anayepata uraia wa Tanzania hupaswa kuuacha wa kwanza. Mkenya wa kuzaliwa aliyeupoteza uraia wake kwa njia hiyo anaweza kuurejesha kwa kuomba, kwa mujibu wa Katiba ya nchi yake.

Watoto

Mtoto wa wazazi wa nchi hizi mbili anaweza kuwa raia wa zote mbili tangu kuzaliwa, kwa kuwa Kenya na Tanzania humtambua kupitia baba au mama. Akitimiza miaka 18, sheria ya Tanzania humtaka achague. Ili awe na cha kuchagua, lazima awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Mtoto asiyeandikishwa upande wowote huanza maisha akiwa na mashaka katika nchi mbili kwa pamoja.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya ndoa, thibitisha kwamba mchumba hana ndoa nyingine, na toa taarifa ya siku 21.

2. Sajili ndoa mapema na utunze cheti halisi. Peleka nakala tu kila inapowezekana.

3. Hakikisha majina katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, pasipoti na cheti cha ndoa yanafanana herufi kwa herufi. Yakitofautiana, yasahihishwe kabla ya kuanza maombi.

4. Pata pasipoti na uvuke katika kituo rasmi, ukigongewa muhuri kila unapoingia na kutoka.

5. Omba hati ya mtegemezi mara baada ya kuhamia kwa mwenzi, na uihuishe kwa wakati.

6. Ndoa ikitimiza miaka mitatu, mwenzi aliye raia wa Kenya aandike barua ya udhamini. Kwa kawaida huambatanishwa na nakala za vitambulisho, cheti cha ndoa, pasipoti ya mwombaji, hati inayoonyesha uhalali wa kuishi kwake na picha.

7. Andikisha kila mtoto anapozaliwa.

Barua ya utambulisho hutolewa na ofisi ya kijiji au mtaa, vizazi huandikishwa kupitia vituo vya afya na ofisi za kata zilizounganishwa na mpango wa usajili, na ndoa husajiliwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Malipo halali ya Serikali hulipwa kwa namba ya malipo na kupewa stakabadhi. Mwananchi anayeombwa fedha mkononi na kishoka anayeahidi kufupisha miaka mitatu iwe miezi mitatu ajue kwamba hakuna ofisa, Tanzania wala Kenya, mwenye uwezo huo. Kilicho mikononi mwa wanandoa ni kuifanya miaka hiyo ianze kuhesabika leo, kwa kusajili ndoa ambayo bado haijasajiliwa.