Ndege ya Kivita ya Povu: Wepesi Kwanza, Nguvu Baadaye

Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Spitfire iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Mbunifu wake, R. J. Mitchell, aliipa mabawa membamba yenye umbo la duaradufu, na umbo hilo limependwa mno na watengenezaji wa ndege za mfano. Siku hizi mtu mwenye kisu kikali, vipande vya povu gumu la plastiki, mota ndogo ya umeme na redio ya kuongozea anaweza kurusha Spitfire yake mwenyewe uwanjani. Hata hivyo, ndege ya mfano si ndege kubwa iliyopunguzwa tu. Makala haya yataeleza kwa nini, na jinsi kanuni hiyo inavyoongoza kazi yote ya ujenzi.

Vipimo vinapopungua

Mabawa ya Spitfire halisi yana urefu wa meta 11.2 kutoka ncha hadi ncha, na eneo lake ni karibu meta za mraba 22.5. Tukipunguza kila urefu mara 10, urefu wa mabawa utakuwa meta 1.12. Eneo litapungua mara 100, nalo litakuwa meta za mraba 0.225. Lakini ujazo utapungua mara 1,000. Ikiwa ndege halisi ina tungamo la kilo 2,700, mfano wenye ujazo uliojaa kwa kadiri ile ile utakuwa na kilo 2.7.

Ili ndege isianguke, kani ya kuinua lazima ilingane na uzito wake. Kani hiyo hupatikana hivi:

Kani = ½ × densiti ya hewa × mwendo² × eneo la mabawa × kizidisho cha kuinua

Tuchukue densiti ya hewa kuwa kilo 1.2 kwa meta ya ujazo, na kizidisho kuwa 1. Uzito wa mfano wa kilo 2.7 ni nyutoni 26.5. Tukigawanya kwa 0.135 (yaani ½ × 1.2 × 0.225), tunapata 196, ambayo ni mraba wa 14. Basi ndege hii haiwezi kuruka chini ya meta 14 kwa sekunde. Sasa tujenge kwa povu, tungamo lote liwe kilo 0.9. Hesabu ile ile inatupa meta 8 tu kwa sekunde.

Tofauti hiyo si ndogo. Nishati mwendo ya ndege nzito inapotua ni karibu jouli 265. Ya ndege nyepesi ni karibu jouli 29. Tungamo limezidi mara tatu, lakini nishati imezidi mara tisa. Nishati hiyo ndiyo itakayovunja ndege, au kumwumiza mtazamaji, mambo yakienda kombo.

Povu na gundi

Povu linalofaa ni la jamii ya lile jeupe linalozungushiwa redio na televisheni ndani ya maboksi yake. Sehemu kubwa ya povu hilo ni hewa. Udhaifu wake ni kupinda. Kwa hiyo ndani ya bawa hulazwa ufito wa mbao nyepesi au wa kaboni. Fundi na ajihadhari na gundi zenye viyeyushi, kwa maana huyeyusha povu la polistirini kama petroli ifanyavyo. Gundi nyeupe ya mbao yafaa.

Mota na betri

Kwa ndege ya namna hii, wati 200 kwa kila kilo zatosha. Yaani wati 180 kwa mfano wetu. Betri ya lithiamu yenye seli 3 hutoa volti 11.1. Mkondo utakuwa 180 ÷ 11.1, yaani karibu ampea 16. Betri ya ampea-saa 2.2 ingekwisha baada ya dakika 8 za nguvu kamili. Lakini betri hizi huharibika zikimalizwa kabisa. Tutumie asilimia 80 tu, yaani dakika 6 na nusu.

Mizani

Injini ya Spitfire za kwanza, Rolls-Royce Merlin, ilikuwa na zaidi ya kilo 600, nayo ilikaa puani. Mota yetu ni nyepesi, kwa hiyo mkia utalemea. Dawa yake ni kusogeza betri mbele, ishike nafasi ya injini, kuliko kuongeza risasi puani. Upana wa wastani wa bawa ni sentimeta 20. Kitovu cha uzito na kiwe karibu robo ya upana huo, yaani sentimeta 5 nyuma ya ukingo wa mbele, pale bawa lenye upana huo wa wastani. Ndege yenye mkia mzito haitulii angani, na aghalabu huanguka mara tu inaporushwa.

Tahadhari

Betri ya lithiamu iliyotoboka, iliyovimba au iliyochajiwa kupita kiasi yaweza kuwaka moto. Ichajiwe kwa chaja yake maalumu, juu ya sakafu ya saruji, mtu akiwapo. Rafadha ifungwe mwisho kabisa, baada ya redio na mota kujaribiwa. Tena, mwalimu apate kwanza kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, kwani vyombo virukavyo bila rubani vina kanuni zake Tanzania na Kenya.

Maswali

1. Jijini Nairobi densiti ya hewa ni karibu kilo 1.0 kwa meta ya ujazo. Tafuta mwendo wa chini kabisa wa mfano wa kilo 0.9 huko.
2. Mwanafunzi ameweka betri kubwa zaidi, tungamo likawa kilo 1.2. Nishati mwendo ya kutua imezidi mara ngapi?
3. Eleza kwa nini kuongeza nguvu za mota hakupunguzi mwendo wa kutua.