Elimu kwa Umma: Maswali Matatu ya Kuuliza Mbele ya Sanamu

Sanamu ya Dedan Kimathi jijini Nairobi, kwenye makutano ya barabara za Kimathi na Mama Ngina, hupitwa na maelfu ya watu kila siku, wakiwemo wakazi wa Nakuru. Ukifika hapo, simama kidogo ujiulize maswali matatu.

1. Ameshika nini?
Picha ya Kimathi inayojulikana zaidi ilipigwa baada ya kukamatwa kwake tarehe 21 Oktoba 1956: amelala, mikono imefungwa pingu. Mchongaji Kevin Oduor hakuifuata picha hiyo. Sanamu yake ya shaba imesimama wima, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Anayeonekana ni mpiganaji, si mfungwa.

2. Ilizinduliwa lini?
Rais Mwai Kibaki aliizindua tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe katika gereza la Kamiti. Marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003 pekee, miaka 40 baada ya Uhuru. Kwa hivyo sanamu hii pia ni kauli ya serikali kwamba msimamo wake umebadilika.

3. Inaziba pengo gani?
Kimathi alizikwa Kamiti katika kaburi lisilo na alama. Anayetaka kumkumbuka huweka shada la maua hapa barabarani.

Haya yanatuhusuje?
Historia hii ni yetu pia. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungulia wafungwa.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, makavazi na bustani za umma. Kifungu cha 196 nacho kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Kwa hivyo, mradi wa sanamu au mnara ukiletwa mbele yenu katika kikao cha maoni ya umma, msiulize gharama peke yake. Ulizeni: ataonyeshwa vipi? Atazinduliwa siku gani, na kwa nini? Ni nani kati yetu ambaye hadi leo hana mahali pa kukumbukiwa?