Viambishi vya Mahali na Taharuki katika Filamu za Nafasi Moja: Funzo kwa Mfasiri wa Bariadi

1.0 Utangulizi
Makala haya yanajadili mchango wa viambishi vya mahali pa-, ku- na mu- katika kujenga taharuki pale filamu inayotendeka ndani ya nafasi moja finyu inaposimuliwa kwa Kiswahili. Usimulizi huo si jambo geni nchini Tanzania. Katika vibanda vya video, mfasiri hueleza kwa mdomo filamu ya kigeni huku ikionyeshwa. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alivuma kwa kazi hiyo. Msikilizaji anayekusudiwa hapa ni wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, ambako Kisukuma ni lugha ya kwanza ya wengi.

2.0 Pana na Mna
Katika Rope (1948) ya Alfred Hitchcock, vijana wawili wanamnyonga mwenzao, David, na kuificha maiti ndani ya sanduku. Kisha wanawaalika wageni, akiwamo baba wa marehemu, na kuwaandalia chakula juu ya sanduku hilo hilo. Kiambishi tamati -ni pekee hakitenganishi juu na ndani; kinachotenganisha ni upatanisho:

(a) Sandukuni pana chakula.
(b) Sandukuni mna maiti.

Wageni wanajiuliza David yuko wapi. Mtazamaji anajua yumo. Taharuki imejengwa juu ya pengo hilo.

3.0 -mo bila -ko
Buried (2010) ya Rodrigo Cortés inageuza hali hiyo. Dereva wa lori nchini Iraki anazinduka akiwa amezikwa hai, akiwa na simu na kiberiti cha gesi. Waokoaji wanamwuliza aliko. Yeye anajua alimo tu. Mwishoni sanduku linafukuliwa, kumbe aliyemo ni mtu mwingine.

4.0 Athari kwa Mfasiri
Katika mazungumzo ya kila siku, wasemaji wengi hutumia kuna na yupo kwa maana zote tatu. Yaweza kudaiwa kwamba picha hufidia upungufu huo. Hoja hiyo haitoshi: kifuniko cha sanduku la Rope kimefungwa, na kamera ya Buried haitoki nje ya sanduku. Jambo lililofichwa na picha hutegemea neno. Mfasiri akisema "kuna chakula, kuna maiti", amelifuta pengo ambalo mwongozaji alilijenga.

Aidha, tofauti hii si ngeni kwa Msukuma. Kisukuma huweka kiambishi cha mahali mbele ya nomino yenyewe, hivyo hubainisha ndani na juu mapema kuliko Kiswahili.

5.0 Hitimisho
Imeonyeshwa kwamba pana, kuna na mna si visawe. Mwalimu wa Kiswahili mkoani Simiyu hana haja ya kuifundisha tofauti hiyo kama kitu kipya. Anaweza kuanzia kwenye lugha ambayo mwanafunzi amekuja nayo darasani.