KAOLE: ZIYARA YENYE MAFUNZO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila likizo inapokaribia, wanafunzi wengi huuliza ni lini nao wataiona bahari. Swali hilo ni jema. Qur'ani Tukufu, ikiwemo Suratur-Rum aya ya 42, inatuhimiza tusafiri na kuzingatia habari za waliotutangulia. Kwa hiyo safari ya Muislamu ni darasa. Leo tusome darasa la Kaole.

Kaole ni wapi?
Kaole ni mji wa kale ulio ufukweni, kilomita chache kusini ya Bagamoyo. Yamebaki magofu ya misikiti miwili, mmoja ukianzia karne ya 13, na makaburi zaidi ya 20. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe zilizopambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Wakazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Baadaye bandari ikajaa matope na mikoko, vyombo vikashindwa kutia nanga, na shughuli zikahamia Bagamoyo.

Inatuhusu nini sisi wa Karagwe na Kyerwa?
Inatuhusu sana. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Karagwe kwa Omukama Rumanyika. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo Kafuro. Mwingereza Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 alikikuta kituo hicho. Si yote yaliyobebwa na misafara yalikuwa ya kheri, kwani watu pia waliuzwa utumwani. Lakini humo walikuwemo Waislamu waliosali katika ardhi hii. Uislamu ulitufikia kwa njia zaidi ya moja, ikiwemo ya Buganda, na njia ya Bagamoyo ni mojawapo.

Hukumu za safari
Kutoka Kayanga hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, hivyo msafiri anaruhusiwa kupunguza sala. Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili. Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili. Anaanza kupunguza akishatoka katika mji wake. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, husali kamili. Na akimfuata imamu mkazi, pia husali kamili.

Kibla nacho kinabadilika. Hapa kwetu tunaelekea kaskazini na kuinama kidogo mashariki. Ukiwa Kaole, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja.

Adabu za ufukweni
Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu maji ya bahari, akafundisha kwamba yanatwaharisha. Basi aliye ufukweni hana udhuru wa kukosa udhu. Kuogelea ni halali, lakini tusitiri uchi, wavulana na wasichana wasichanganyike, na asiyejua kuogelea asiende kwenye kina. Sisi tuliozoea vilima hatuijui nguvu ya maji kupwa na kujaa.

Adabu za makaburini
Hapa ndipo penye mtihani. Katika baadhi ya makaburi ya Kaole watu huacha vitu na kuomba haja zao. Upo pia mbuyu mkubwa, na wageni husimuliwa kuwa anayeuzunguka huongezewa umri. Mwanafunzi wa madrasa asikilize kwa heshima, asigombane na mtu, wala asifanye. Umri na riziki viko kwa Mwenyezi Mungu (S.W.) peke yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuzuru makaburi ili tukumbuke akhera, tuwasalimie maiti na kuwaombea maghfira. Wao ndio wenye haja ya dua zetu. Tusikalie kaburi, tusichukue jiwe, wala tusiandike majina ukutani.

Mazingatio
Waliojenga misikiti ile walikuwa na mali, na jamaa walijaa safuni. Leo hakuna adhana ndani yake. Wazazi wapenzi, misikiti yetu ina mabati mapya na milango imara. Je, wakati wa Alfajiri safu ni ngapi? Na watoto wetu wako wapi? Tusingoje bahari ituhame ndipo tuzinduke.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini Kaole ilihamwa?
2. Taja sala zinazopunguzwa safarini.
3. Eleza tofauti ya kumuombea maiti na kumuomba maiti.
4. Muulize mzee wa msikiti wenu: ni nani aliyeanza kufundisha Qur'ani kijijini kwenu? Andika jibu na ulilete darasani.

Wabillahi tawfiq.