Samaki asiyekimbia: namna ya kupita karibu na viota

Ukishuka toka Luofu mpaka Kamandi, maji unayoyafikia kwanza ni yale mafupi ya kando ya Ziwa Edward, na humo ndimo samaki wengi hujenga viota. Samaki wa kawaida akisikia mguu au kasia hutoroka. Anayelinda kiota hatoroki. Husogea kidogo, hugeuka, kisha hurudi palepale. Ukimwona hivyo, ujue umesimama mlangoni kwa mtu, na wa kuondoka ni wewe.

Kuviona viota si kazi ngumu. Nenda asubuhi kabla upepo haujatibua maji, jua likiwa mgongoni, utazame penye mchanga. Kiota cha tilapia ni shimo la mviringo, safi, bila majani wala tope. Dume hulichimba mwenyewe kwa mdomo, akizoa mchanga na kuutema pembeni. Mara nyingi mashimo huwa mengi mahali pamoja, kila dume na lake. Huku kwetu karibu na Ikweta tilapia huzaa karibu mwaka mzima, lakini mvua zikianza ndipo uangalie zaidi.

Ukishaviona, zungukia upande wa maji marefu. Weka chini ule mti mrefu wa kusukumia pirogi, maana kila unapoukita huenda unabomoa shimo. Shika kasia. Mota izimwe na kuinuliwa, na jiwe la nanga usilitupe hapo. Kupiga maji kwa fimbo ili samaki waingie wavuni ni vibaya popote, lakini kwenye mazalio ni kuvunja nyumba nzima.

Sasa kuna jambo ambalo hata wavuvi wazee hubishana juu yake: mayai yako wapi? Kwa tilapia, kiotani hayakai. Jike hutaga, huyaokota mara moja kwa mdomo, kisha huondoka nayo na kuyalea humo mpaka vitoto vitoke. Hata vikishaanza kuogelea, hatari ikitokea hurudi kinywani mwa mama. Basi ukiutoa wavu, ukaona mayai ya manjano au vitoto vinadondoka mdomoni mwa samaki, umemshika mzazi. Usimwinue hewani, maana akihangaika huyatema yote. Mfungue ndani ya maji, taratibu, bila kumminya matamvua, umwache aende zake. Samaki huyo mmoja hubeba mamia ya vitoto, na ndio unaotaka kuwavua mwakani.

Kamongo ni kinyume kabisa. Yeye mayai huyaacha shimoni, kwenye matete na majani yaliyofurikwa, na baba ndiye hubaki kuyalinda kwa wiki kadhaa. Ukimwua baba huyo, mayai na vitoto hubaki chakula cha kila apitaye. Na ni baba mkali. Taya zake zimeumbwa kuvunja konokono, na kidole cha mtu si kigumu kama gamba la konokono. Dalili zake ni mbili: uwazi kati ya matete wenye maji yanayotikisika bila upepo, na samaki mrefu anayepanda kuvuta hewa mahali palepale kila mara, kwa sababu kamongo asipopumua juu hufa. Hapo usitie mkono wala mguu, na mtoto asitumwe kutoa wavu ulionasa. Akikuuma, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, libane kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulizie sindano ya pepopunda. Matete hayohayo ndiyo maficho ya viboko. Sababu hiyo peke yake inatosha kutokuingia.

Vijana wetu wanaofika pwani na kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, wasikie pia habari ya kikande mkubwa, samaki wa miamba ya Bahari ya Hindi mwenye meno ya kuvunja matumbawe. Jike huchimba kiota kwenye mchanga, na eneo analolitetea huanza hapo chini, likapanuka kadiri linavyopanda mpaka juu ya maji. Ndiyo maana mzamiaji anayekimbilia juu hubaki ndani ya eneo lake na kuendelea kufukuzwa, tena kupanda kwa haraka kuna hatari yake kwa mapafu na damu. Akiona kikande amesimamisha mwiba wa mgongoni, aogelee kando, kwa usawa uleule wa kina, akimtazama samaki na kumwekea mapezi ya miguuni mbele, asije akamng'ata shavu la mguu.

Ziwa Edward upande wetu liko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kuvua kwenye mazalio kumekatazwa. Lakini katazo halimsaidii mvuvi asiyejua mazalio yanaanzia wapi. Enyi viongozi wa komite za wavuvi, wapelekeni vijana kwa pirogi mkawaonyeshe mipaka kwa macho yao. Nawe ndugu ambaye hujaonyeshwa, uliza kabla ya kutupa wavu.