Mzee Akiambiwa Afanyiwe Upasuaji wa Mapafu

Mzee wenu akipatikana na saratani ya mapafu, msiseme, “Umri umekwenda, tumwache.” Hapa Sydney, umri peke yake haumzuii mtu kufanyiwa upasuaji. Madaktari hupima kwanza nguvu ya mapafu, moyo na uwezo wake wa kutembea. Saratani ikiwa haijasambaa, pengine hukatwa sehemu ndogo tu ya pafu. Kama anavuta sigara, aache sasa. Atembee kila siku kadiri awezavyo.

Msimfiche ugonjwa wake, wala msimfanye mtoto mkalimani. Katika hospitali za serikali ombeni mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Kwa simu, pigeni 131 450, mseme “Swahili”. Mzee aelezwe yote, kisha aamue mwenyewe.