Stima Ikirudi kwa Kishindo

Swali: Fundi, niko Wote, Makueni. Stima ikipotea hurudi kwa nguvu, na juzi iliunguza hom thieta ya jirani. Ekstensheni yenye taa nyekundu itanilindia yangu?

Jibu: Haitoshi. Taa hiyo huonyesha tu kwamba umeme umefika. Nunua gadi ya TV ya ampea 5. Kwa volti 240 hiyo ni wati 1,200, hivyo runinga na spika zitaenea. Friji ipewe yake. Gadi hukata volti zikishuka au kupanda mno, kisha hungoja dakika kadhaa stima itulie. Lakini mruko wa radi ni wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo tazama pia kiwango cha juli kwenye boksi, yaani nishati ambayo gadi inaweza kumeza. Mimi sishuki chini ya 1,000.

Wengi husahau athi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Nguvu nyingi ya ziada hutorokea huko, na udongo mkavu wa Kitui na Makueni haupitishi umeme vizuri. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA aipime ile fimbo iliyozikwa nje. Huenda ukahitaji ya pili.

Mvua za Novemba zikinguruma, chomoa plagi pamoja na waya wa dishi. Radi ikipiga karibu, hakuna gadi ya dukani itakayoizuia.